Malbork: tenga siku nzima

Mwenzetu ameuliza kama nusu siku inatosha kuitembelea ngome ya Malbork, kaskazini mwa Poland, na kama kuna haja ya kwenda ilhali sehemu kubwa yake imejengwa upya. Nilipokuwa nikisoma Gdańsk nilikwenda mara mbili, na mara ya kwanza, kwa kuwahi treni ya mchana, niliambulia kuta tu.

Ngome hiyo ilianza kujengwa karne ya 13 kando ya mto Nogat na watawa wapiganaji wa Kiteutoni, shirika la Kijerumani lililozaliwa katika Vita vya Msalaba. Mkuu wao alipohamia hapo kutoka Venice mwaka 1309, ilipanuliwa hadi zikawa ngome tatu zilizoungana, ya Juu, ya Kati na ya Chini, karibu zote za matofali ya kuchoma, kwa kuwa nyanda zile zina udongo wa mfinyanzi tele lakini mawe ya kujengea ni haba.

Usiupite upesi ukumbi wa kiangazi katika makazi ya mkuu, ambamo nguzo moja ya mawe imebeba dari yote. Ukutani limenasa tufe la mzinga, na husimuliwa kwamba mwaka 1410, baada ya kulishinda shirika hilo katika vita vya Grunwald, Wapolandi na Walithuania walioizingira ngome waliilenga nguzo hiyo ili dari iwaangukie wakuu waliokuwa kikaoni. Ngome haikutekwa. Mwaka 1457 ilichukuliwa kwa fedha: shirika lilishindwa kuwalipa askari wake wa kukodiwa, nao wakamuuzia mfalme wa Poland. Katika kumbi nyingine tazama vitundu vya sakafuni, ambavyo vilipitisha hewa ya moto kutoka kwenye mawe yaliyopashwa tanurini chini, jambo ambalo kwangu lilistaajabisha kuliko silaha zote zilizowekwa pale.

Kuhusu kujengwa upya, ni kweli kwamba zaidi ya nusu iliharibiwa mwaka 1945, lakini hiyo kwangu ni sababu ya kwenda, hasa katika kanisa la Bikira Maria lililofunguliwa tena mwaka 2016, ambamo jicho tulivu hutofautisha mabaki ya kale na kazi mpya. Jioni vuka daraja la miguu hadi ng'ambo ya mto, jua la magharibi linapozipiga kuta hizo nyekundu, kisha panda treni ya usiku.