Jarida la shule halina mvuto? Zima rangi kwanza, angalia nafasi

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka mwisho na zile kurasa ulizobandika nimezikagua moja moja. Umesema umepewa jarida la shule, saizi A4, kurasa 18, la kubana na stepla katikati, umetumia rangi zote za nembo ya shule na bado mwalimu mkuu anasema halina mvuto, ukauliza elementi za msingi za dizaini ni zipi na uongeze rangi gani. Mimi ni mtu wa deski, napanga kurasa kwenye press hapa Dar, majarida ya shule na ripoti za vikundi ndo ugali wangu, basi ntakujibu kama ninavyomjibu dogo aliyekaa pembeni yangu ofisini: usiongeze rangi yoyote. Tena zilizopo zitoe zote, upange jarida zima kwa nyeusi na nyeupe, likikaa sawa ndo tuongee rangi.

Ukigoogle utaletewa orodha, mstari, umbo, rangi, tekscha (uso laini au wa kukwaruza), ukubwa, nafasi, herufi. Orodha ni sahihi ila inakupoteza maana inavitaja vyote kama vina uzito mmoja. Bango la barabarani linaweza kusimama kwa rangi na picha moja kali, mtu anapita na bodaboda ameshaliona basi. Jarida mtu analishika, anafungua, anakaa na habari ya maneno 600, na hapo kinachomshikilia ni nafasi, ukubwa na herufi, hivyo vingine ni wasaidizi tu.

Nafasi. Chukua kanga yoyote hapo nyumbani uitandaze. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina lina sehemu yake chini ya mji. Mapambo yanabadilika kila toleo lakini hutakuta jina limepanda juu ya pindo. Sasa kurasa zako hazina pindo mkuu! Maandishi yameanza milimita 7 au 8 kutoka ukingoni, na kumbuka baada ya kubana stepla karatasi za katikati zinatokeza nje kidogo kuliko za juu, wakipiga kisu kusawazisha zile za katikati zinaliwa zaidi, hiyo 8 yako inazidi kupungua na mstari unaonekana unaning'inia. Weka angalau 15 pembeni, juu 18, chini 20 ili namba ya ukurasa ipumue. Najua utasema habari hazitaenea. Punguza habari, mwambie mwalimu hotuba ya mgeni rasmi si lazima iingie yote.

Na hapo hapo, kurasa 18 haziwezekani kwa stepla. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwahiyo ni 16 au 20, chagua. Mimi ningechukua 20 maana hizo mbili za ziada ndo zitakupa hewa unayoikosa.

Kolamu ndo sehemu iliyonifanya niandike yote haya, maana watu wengi wanakopa templeti za Kizungu wanamwaga Kiswahili ndani halafu wanashangaa. A4 ukishatoa pambizo za, tuseme, 20 kila upande unabaki na milimita 170. Ukiandika kwa pointi 10 (pointi ndo kipimo cha ukubwa wa herufi) mstari mmoja wa upana huo unabeba kama herufi 100, macho yanapotea yakirudi kuanza mstari unaofuata. Ukigawa kolamu mbili unapata kama herufi 48 kwa mstari, hiyo safi kabisa. Wewe umegawa tatu, umebaki na kama 30, na juu yake umebana kulia na kushoto. Maneno yetu ni marefu jamani, "wanaowawakilisha" peke yake ni herufi 16, nusu ya mstari imeisha! Kompyuta inalazimika kutawanya maneno ili mstari ufike mwisho ndo unaona yale matundu meupe yanashuka katikati ya habari. Kama lazima kolamu tatu, panga kushoto tu, kulia acha pacheze.

Halafu zima ile huduma ya kukata maneno mwisho wa mstari, au badilisha lugha ya maandishi isiwe Kiingereza. Programu ikidhani ni Kiingereza inakata kwa kanuni za Kiingereza, nimeona "mwan-afunzi" kwenye ukurasa wako wa 4. Silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, kwahiyo ni mwa-nafunzi au mwanafu-nzi, na ng' haipasuliwi. Dakika kumi za kupitia mwisho wa mistari zinabadilisha sura ya jarida kuliko fonti mpya uliyodaunilodi jana.

Fonti, nimehesabu saba. Mbili zinatosha, moja ya vichwa moja ya habari. Na msiidharau Times New Roman kisa kila barua ya ofisi inayo, ile ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, wakaanza kuitumia 1932, ni nyembamba makusudi ili maneno mengi yaenee kwenye kolamu finyu, kwa maneno yetu marefu inasaidia. Kinachokuangusha zaidi ni ukubwa. Kichwa cha habari pointi 14, habari yenyewe 12, sasa msomaji atajuaje aanzie wapi? Achanisha kwa nguvu, kichwa 28 au 30, utangulizi 13, habari 10 na kutoka mstari hadi mstari pointi 13, maelezo ya picha 8. Fumba macho nusu uangalie ukurasa kwa mbali, kama kila kitu kinaonekana kijivu kimoja bado hujaachanisha. Ile ya kupiga mstari chini ya kila kichwa ni tabia ya taipuraita, siku hizo hakukuwa na njia nyingi za kukoleza, wewe una wino mzito na saizi zote duniani.

Mistari na maboksi sina mengi. Umezungushia boksi kila habari, yatoe, nafasi ya milimita 6 kati ya kolamu inatenganisha vizuri tu. Bakiza boksi moja kwa tangazo la ada ama ratiba. Na mstari usiwe mwembamba chini ya nusu pointi, kwenye skrini unauona ila kwenye karatasi unaweza kukatikakatika.

Picha sasa. Za mahafali zimepita WhatsApp, zimebanwa, upande mrefu mara nyingi ni pikseli 1600 hivi. Press tunataka 300 kwa inchi, gawanya, unapata inchi 5 na kitu, yani kama sentimita 13. Wewe umeivuta ikajaza ukurasa mzima wenye urefu wa karibu sentimita 30, lazima iwe na ukungu. Kuna kitu kingine ambacho mafunzo mengi ya YouTube hayagusi: ngozi zetu. Kama kurasa za ndani ni karatasi ya kawaida ya gramu 80 isiyo na mng'ao, wino unanyonywa na vile vitone vinatanuka, picha inatoka nyeusi kuliko ulivyoiona kwenye kompyuta, na nyuso nyeusi ndo zinaumia kwanza, unabaki na meno na kola ya shati. Fungua picha uinue mwanga wa kati, sio ule wa juu kabisa, mpaka kwenye skrini uone kama imezidi kidogo. Mtu aliyepigwa picha akiangalia kushoto muweke kulia ili aangalie ndani ya jarida, ni kitu kidogo ila jicho linafuata macho ya mtu. Na tafadhali usivute picha upande mmoja, umemnenepesha mwenyekiti wa bodi bure.

Rangi mwisho kabisa, kama nilivyosema. Chukua ile damu ya mzee ya nembo, iwe hiyo moja tu, kwenye vichwa vikubwa na namba za kurasa, na kwenye boksi la ratiba uipunguze mpaka asilimia 15 kama kivuli. Maandishi madogo yawe nyeusi tupu asilimia 100, usichanganye rangi nne kupata nyeusi, maana kila rangi ina pleti yake na zikipishana kidogo tu herufi zinakuwa na kivuli chekundu au cha bluu. Njano kwenye karatasi nyeupe sahau. Badilisha faili kuwa CMYK, yani zile rangi nne za wino wa press, ukiwa bado mezani kwako, ile bluu ya kuwaka ya skrini wino haiwezi kuitoa, bora uione imefifia sasa ulie mapema. Chochote kinachogusa ukingo kipitishe milimita 3 nje ya ukurasa, kisu hakikati kwa unywele.

Umeuliza pia programu. CorelDRAW kwa kurasa 20 utateseka, ni nzuri kwa kava na kadi. Scribus ni ya bure na ina masta peji, pambizo unaweka mara moja kurasa zote zinafuata. Publisher usianze kujifunza leo, Microsoft wametangaza wanaifunga Oktoba 2026.

Anza na kurasa mbili zinazotazamana, zibandike humu tuzichambue. Na kamati ya mahafali waambie leo leo wakutumie picha upya kama dokumenti ili WhatsApp isizibane, maana watu wakijaza simu huwa wanaanza kufuta huko huko.