Mkao wa swila kwa anayeanza yoga

Mkao wa swila, unaojulikana kwa Kisanskriti kama Bhujangasana, huonekana mwepesi kuliko mikao mingine ya kupinda mgongo kwenda nyuma, na ndiyo maana wanafunzi wapya huuharakia. Hulala kifudifudi, wakasukuma sakafu kwa mikono mpaka viwiko vikanyooka, kisha kesho yake wakaamka na maumivu ya kiuno.

Chanzo ni umbile la mgongo wenyewe. Pingili 12 za sehemu ya kifua zimeungana na mbavu, hivyo hazipindi kwa urahisi kwenda nyuma, ilhali pingili 5 za kiuno ziko huru zaidi. Ukijilazimisha kupanda juu, mzigo mkubwa huelemea kiuno.

Kwa hiyo anza chini. Nyoosha miguu nyuma, kandamiza mkeka kwa vidole vyote vya miguu, weka viganja kando ya mbavu na ubane viwiko karibu na mwili. Unapovuta pumzi, inua kifua kwa nguvu ya misuli ya mgongo, nyonga zikibaki chini na shingo ikifuata mstari wa mgongo bila kutupwa nyuma. Kisha fanya jaribio ambalo huwasisitizia wanafunzi wangu wote: inua viganja kidogo kutoka sakafuni. Kifua kikiporomoka, ujue kilikuwa kimebebwa na mikono, na pale kitakapotulia ndipo kimo chako cha leo. Kaa hapo kwa pumzi 3 hadi 5, halafu ushuke taratibu.

Ukidumu hivyo, misuli ya mgongo huimarika na kifua hufunguka, jambo lenye faida kubwa kwa mtu anayeshinda ameinamia kompyuta au cherehani. Hata hivyo, usimwamini anayekuambia kwamba mkao huu unatibu kila ugonjwa. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba yoga huwapa nafuu ya kiasi wenye maumivu sugu ya kiuno wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi, wala haikuonekana kuyazidi sana mazoezi mengine ya mgongo.

Mjamzito, mwenye ngiri, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni na mwenye tatizo la diski (mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo) wasiufanye bila ushauri wa daktari. Na ukihisi ganzi au maumivu yanayoshuka mguuni, shuka papo hapo, usirudie mpaka umepimwa.