Kutia 7A-FE kwenye Corolla ya 4A-FE

Shekhe, umeuliza kama injini ya Toyota 7A-FE inakaa kwenye Corolla iliyokuja na injini ndogo ya 4A-FE, bila kuchomelea. Inakaa. Kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 81. Kilichozidi ni mwendo wa pistoni, kutoka 77 hadi 85.5, ndiyo unapata ujazo wa sisi (cc) 1,762 badala ya 1,587. Faida yake ni mvuto injini ikizunguka polepole, gari ikijaa watu. Mbio za juu usizitarajie.

Wengi hukwama kwenye mkanda wa taimingi. Bloku ya 7A ni ndefu zaidi, mkanda wa 4A haufiki. Basi nunua injini na vitu vyake: mkanda, kava, nozeli za petroli na kontroli boksi (kompyuta ya injini). Ukibakisha kontroli boksi ya 4A, ukikanyaga mpaka chini petroli inakuwa kidogo mno ukilinganisha na hewa iliyoingia. Utasikia mlio kama misumari ndani ya mkebe. Hapo pistoni zinaungua.

Ukifungua hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda), ukiirudisha kaza bolti kwa toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 29, kuanzia katikati kwenda nje. Tia doa la rangi upande wa mbele wa kila bolti, zungusha digrii 90, kisha 90 tena. Doa litazame nyuma. Sili ya nyuma ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ibadilishe injini ikiwa bado iko chini, haijaingia kwenye gari.

Na maji ya kisima cha chumvi usitie kwenye rejeta, hedi ni ya alumini, italika. Namba mpya ya injini ikaandikishwe kwenye kadi ya gari.