Dada, ninunue draiva gani?

Jumatatu asubuhi, ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku, nikakuta ujumbe kwenye simu. Kijana wa Kitanzania anayeishi Dallas ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimeanza diski gofu miezi miwili sasa, lakini diski zangu hazivuki mita 50. Ninunue draiva gani nifike mbali?"

Kwa asiyeujua: diski gofu ni mchezo wa kurusha visahani vya plastiki, yaani diski, mpaka viingie kwenye kikapu chenye minyororo kwa mitupo michache iwezekanavyo. Kila safari ya kikapu kimoja huitwa shimo, na draiva ni diski ya kurusha mbali. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu usingizi ulinizidi. Lakini swali lake lilinichoma, maana ndilo nililouliza mimi miaka mitatu iliyopita, na jibu nililopewa liliniharibia msimu mzima. Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, tena wiki hii hii, kwa kuwa Jumamosi nimerudi nyumbani na nafasi ya pili katika daraja la wanawake wanaoanza. Raundi mbili, mashimo 36, na mkobani nilikuwa na diski 3 tu. Hakuna hata moja iliyozidi kasi ya 6, namba nitakayoieleza mbele.

Nilifika Minnesota nikitokea Tanga, na kwa muda mrefu maisha yangu yalikuwa kazi, usingizi na basi. Nahudumia wazee usiku. Acorn Park pale Roseville nilikuwa naipita tu, nawaona watu na mikoba yao mgongoni wakirusha visahani kati ya miti, mpaka siku moja mfanyakazi mwenzangu akanivuta mkono: njoo ujaribu. Akanipa diski yake ya kumalizia, ile ya kurushia karibu na kikapu, nikasimama hatua chache kutoka kwenye kikapu, nikarusha. Ile sauti ya minyororo! Aliyewahi utotoni kutungua embe kwa jiwe la kwanza anaijua furaha ile. Diski ilipiga minyororo, ikatulia, ikadondoka ndani ya kikapu, nami tangu hapo sikulala tena mchana wa siku ya mapumziko.

Sauti hiyo ni kazi ya Ed Headrick wa California. Mwaka 1975 alitengeneza uwanja wa kwanza wa kudumu katika bustani ya Oak Grove. Siku hizo wachezaji walikuwa wanalenga nguzo, na ubishi haukwisha: imegusa, haijagusa. Ndipo akabuni kikapu chenye minyororo. Mwaka 1976 akaanzisha PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu hadi leo. Alipofariki mwaka 2002, majivu ya mwili wake yalichanganywa kwenye plastiki zikatengenezwa diski. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza nilishtuka, maana kwetu maiti huzikwa. Sasa kila ninapoinama kuokota diski matopeni humkumbuka mzee yule kwa heshima.

Wiki iliyofuata nikaenda dukani. Nikamwambia muuzaji nataka diski ya kwenda mbali. Hakuniuliza narusha mita ngapi. Hakuniuliza hata kama nimewahi kucheza raundi nzima. Akanitolea Destroyer ya gramu 175, imechapwa 12, 5, -1, 3, akaongeza nyingine mbili za kasi kama hiyo, akapokea pesa yangu ya usiku mzima wa kazi na kunitakia siku njema. Bado linaniuma. Mtu anakuona mgeni, hujui lolote, anakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe anajua kitakushinda.

Zile namba 4 ndizo zingeniokoa kama kungekuwa na wa kunielewesha. Ya kwanza ni kasi, na wengi wetu tunaielewa kinyume. Diski haikupi kasi hiyo. Wewe ndiye unayetakiwa kuipa diski kasi hiyo ndipo ipae ilivyokusudiwa. Ya pili ni kuelea. Ya tatu ni jinsi inavyopinda ikiwa bado na mbio, na ya nne ni jinsi inavyokata upande wa pili inapochoka. Ukirusha bekihendi, yaani mkono ukipita mbele ya kifua, kwa mkono wa kulia, diski huzunguka kama mishale ya saa na mwisho wake huangukia kushoto. Sasa mkono wa anayeanza, na diski ya kasi 12: ile 3 ya mwisho haingojei mwisho, inaanza kazi papo hapo. Diski ikitoka mkononi inakata kushoto moja kwa moja. Tena ukingo wake una upana wa zaidi ya sentimita 2, na vidole vyangu ni vifupi, sikuweza kuufumbata sawasawa. Nikadhani tatizo ni nguvu. Nikaongeza nguvu. Kadiri nilivyoongeza, pua ya diski, yaani ukingo wake wa mbele, iliinuka zaidi, ikawa inapanda juu, inasimama hewani kama mwewe, kisha inaporomoka kushoto kwenye vichaka.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa mwezi wa tisa, siku ya upepo mkali. Wakati huo nilikuwa nimeshauriwa kununua draiva nyingine, laini, yaani inayopinda kulia kwa urahisi, yenye -3 kwenye namba ya tatu, na kweli siku tulivu ilikuwa inaninyookea vizuri. Tukafika shimo lenye bwawa upande wa kulia, upepo unatupiga usoni. Sikujua kwamba upepo wa mbele huifanya diski iwe kama imerushwa kwa kasi kubwa zaidi, kwa hiyo ile laini hupinduka kabisa. Nikarusha. Ikaenda mita 20 imenyooka, ikalala ubavu kulia, ikaingia majini. Adhabu ya mtupo mmoja. Ningeweza kuchukua diski ya kumalizia na kwenda polepole nchi kavu. Kiburi kikanikatalia. Nikatoa draiva ya pili ya aina ile ile, nikaizamisha pale pale. Shimo la mitupo 3 nililimaliza kwa 9.

Mwanamume mmoja tuliyekuwa naye kwenye kundi akasema, bila hata kunitazama, kwamba mashindano si mahali pa kujifunzia. Nilicheza mashimo yaliyobaki kimya, nikaenda kwenye gari, nikalia. Raundi ya pili sikurudi. Na jioni ile, nilipowasimulia wenzangu wa jumuiya yetu, nikitegemea pole, dada mmoja akasema, "Mtu mzima unarusha sahani porini, kwani huna kazi?" Wote wakacheka. Yule mwanamume wa mashindanoni nimeshamsamehe. Wale waliocheka bado najitahidi, kwa sababu walikuwa watu wangu.

Miezi ya theluji naiacha. Ila nitasema jambo moja: niliweka kapu la nguo chafu mwisho wa ukumbi wa nyumba yangu, mita 4, na kila siku kabla ya kwenda kazini nilirusha mara 50. Basi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mstaafu niliyekutana naye majira ya kuchipua Kaposia Park, South St. Paul. Kaposia ni vilima na mabonde na miti mikubwa. Pale nguvu bila akili haikusaidii, mti utakurudishia diski yako miguuni. Mzee alinitazama mashimo mawili, akaniomba kwa upole nizifungie draiva zangu zote kwenye buti la gari. Akanipa Aviar yake, 2, 3, 0, 1, ukingo umeliwa na magome ya miti, chini yake jina na namba ya simu vimefifia. Akasema nicheze nayo raundi nzima, kuanzia kwenye kibao cha kuanzia hadi kikapuni.

Diski ya kumalizia haidanganyi. Ukiirusha na pua juu, inapanda na kuanguka unaona. Ukiipindisha mkononi, inayumba kama ndege aliyevunjika bawa unaona. Draiva huficha makosa hayo ndani ya ule mkato wake wa kushoto, hujui kosa ni lako au ni lake. Raundi ile mzee alinirekebisha mambo mawili tu. La kwanza, pua: alinionyesha kiganja kiiname kidogo unapovuta, kama unayemimina chai kutoka kwenye birika, diski iondoke imelala. La pili, kuvuta: diski ipite karibu na kifua kwa mstari ulionyooka, nyonga zitangulie, uzito uhamie mguu wa mbele, na mkono ndio uje mwisho. Nilikuwa nazungusha mkono mzima kama anayefyeka majani. Nilipoacha, nikirusha kwa nusu ya nguvu zangu, diski ilifika mbali kuliko Destroyer ilivyowahi kufika. Nilisimama pale nikitetemeka.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Dallas, jibu ni hili: usinunue draiva. Nunua diski ya kumalizia, na kama una pesa ya ziada, nunua nyingine ya aina ile ile, upate za kurusha uwanjani moja baada ya nyingine. Zikikutii, chukua ya kati, mfano Buzzz, 5, 4, -1, 1. Baadaye kabisa draiva ya kasi ndogo, mfano Leopard, 6, 5, -2, 1. Akina dada, na yeyote ambaye mkono wake bado mwepesi, ulizeni diski za gramu 150 hadi 165. Msikubali mtu awaambie nzito ndiyo ya kweli. Lakini anza na diski ya kumalizia. Narudia kwa sababu najua utaniruka: anza na diski ya kumalizia.

Nasema hivi kwa ukali kidogo kwa kuwa nawajua watu wetu, na najijua. Tumekuja nchi za watu, tunataka tuonekane tumefika. Tunanunua kwanza, tunajifunza baadaye. Mtu hajaweza kurusha mita 40 zilizonyooka, mkoba una diski 20. Jamani, tusifanye hivyo. Viwanja vingi hapa ni vya bure, na vichache vyenye kiingilio, kama Bryant Lake kule Eden Prairie, unalipa kidogo unacheza. Pesa ya draiva 3 ingekuingiza mara nyingi. Wanaocheka wacheke. Mwili wako, pumzi yako, saa mbili kati ya miti baada ya wiki ya kuhudumia watu wengine, hivyo ni vyako, huna haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Jumamosi, shimo la mwisho, nilikuwa mita 8 kutoka kwenye kikapu, mlima kidogo, upepo unakuja usoni tena. Aliyenifuata alikuwa nyuma yangu kwa mtupo mmoja tu. Ndani ya mita 10 sheria inakutaka ubaki na mizani nyuma ya alama ya pale diski yako ilipotua, baada ya kurusha. Ukiyumba mbele, unaadhibiwa. Nikauweka mguu wa kulia nyuma tu ya kidiski cha alama. Mate yalikauka. Nikakumbuka kwamba upepo wa mbele huinua diski, kwa hiyo sikulenga katikati ya minyororo, nililenga chini, karibu na ukingo wa kikapu. Una sekunde 30. Nilizitumia karibu zote. Nikainamisha kiganja, birika la chai, nikaiachia. Ilitoka chini, nikadhani nimeiharibu, kisha upepo ukaipokea, ikanyanyuka kama kiganja kimoja hivi, ikaingia kwenye minyororo upande wa kulia na kukaa.

Nilisimama kwa mguu mmoja mpaka nilipohakikisha. Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwemo yule mwanamume wa bwawani. Sijui kama alinikumbuka. Nilimpa mkono.

Basi, mdogo wangu, marahaba. Nenda kwenye uwanja mtupu na diski yako ya kumalizia, weka alama kwa hatua zako. Siku utakapoirusha mita 60 bila kuyumba, mara 10 kati ya 15, niandikie tena, hapo ndipo tutazungumza habari za draiva.