Wifi, kuhusu zile shule za Marekani wakati wa korona, nakujibu bila kupamba

Wifi yangu wa Tabata anafikiria kuja huku na watoto, sasa juzi kaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na watu kibao: hivi ni kweli nyie na Marekani yenu shule zilifungwa mwaka mzima wakati wa korona huku watoto wetu huku Bongo walikaa nyumbani miezi mitatu tu wakarudi? Na kama kila mtoto alipewa laptopu ya bure, wazazi walikuwa wanapigia kelele nini? Naandika jibu hapa mara moja wote msome, maana shangazi naye aliuliza, na kuna kijana wa Moro aliniambia kabisa tumedeka.

Ndiyo wifi, ni kweli. Mi nipo Maryland, pembeni ya Washington. Tarehe 12 Machi 2020 wakatangaza shule zote za umma za jimbo zinafungwa wiki mbili. Wiki mbili! Watoto wetu wengi eneo hili hawakuiona tena sura ya darasa mpaka Machi au Aprili 2021, na wapo ambao hawakurudi hadi Agosti ya mwaka huo 2021. Mganda akisoma hapa atanicheka kwa sababu wao hawakufungua kikamilifu mpaka Januari 2022, na Wakenya wengi walirudi Januari 2021, kwa hiyo sisemi sisi ndo tuliumia kuliko dunia nzima. Nasema tu vile ilivyokuwa.

Kitu ambacho nyumbani hamkielewi, na mi mwenyewe nilichukua muda kukielewa, ni kwamba huku hakuna mtu mmoja anayeamua. Kwetu Majaliwa, waziri mkuu wa wakati ule, alisimama tarehe 17 Machi akasema zimefungwa, basi zimefungwa Tanga mpaka Katavi, halafu kidato cha sita wakarudi 1 Juni, wengine wote 29 Juni, unaweza ukakubali au ukakasirika lakini unajua tarehe na unajua nani kasema. Huku kuna wilaya za shule kama 13,000 nchi nzima na kila moja ina bodi yake na mkurugenzi wake. Maryland ziko 24 tu, kila kaunti na yake, na Baltimore mjini na yake. Gavana ana maneno yake, afisa wa afya wa kaunti ana yake, bodi ina yake, chama cha walimu kina yake. Mfano mmoja mtaushangaa: mwisho wa Julai 2020 afisa wa afya wa kaunti ya Montgomery aliamuru hata shule za binafsi zisifungue madarasa, siku chache baadaye gavana Hogan akatoa amri ya kuwazuia maafisa wa kaunti kufanya hivyo. Mzazi uliyeshalipa ada unasoma habari asubuhi shule imefungwa, jioni imefunguliwa. Na ng'ambo ya mto, Virginia, kaunti ya Fairfax yenye wanafunzi kama 180,000, waliwaambia wazazi wachague, mtoto asome nyumbani au aje darasani siku mbili kwa wiki, watu wakakaa vikao vya familia wakachagua, halafu Julai hiyo hiyo wakaambiwa samahani, wote mtandaoni.

Sasa kwetu (jina la wilaya yetu naliweka kapuni, bado watoto wanasoma humo) ilikuwa hivyo hivyo tena mara kadhaa. Inakuja imeili ndefu kama hotuba ya bajeti, ndani yake fomu, chagua kabla ya Ijumaa, usipojibu mtoto anahesabiwa wa mtandaoni. Unachagua. Unapewa mwezi wa kurudi. Unaenda kazini unamwomba bosi akubadilishie shifti kwa sababu mtoto anarudi shule, bosi anakubali kwa shingo upande, halafu wiki moja kabla inakuja imeili nyingine, kutokana na takwimu za maambukizi tumesogeza mbele. Unarudi kwa bosi. Mara ya pili bosi hakuangalii usoni. Ilikuwa kama yule konda wa daladala anayekwambia twende twende tunaondoka sasa hivi, umekaa ndani jasho linakutoka na gari halijasogea, ukishuka upande lingine ndo linaondoka. Mi nasema hivi, kama wangetuambia Agosti 2020 kwamba jamani mpaka mwakani hakuna shule, ningelia siku moja halafu ningejipanga. Tarehe kupigwa danadana ndo kulitumaliza.

Maana mipango yote ile, wifi, iliandikwa kwa ajili ya nyumba yenye mtu mzima aliyekaa kutwa mezani na kompyuta yake. Huku ndo tulipowajua wenzetu. Wenye kazi za ofisini walihamia nyumbani na mishahara yao. Sisi wabeba boksi tuliitwa wafanyakazi muhimu, tukabandikiwa mabango ya asante barabarani, tukaendelea kutoka kila siku. Mi nilikuwa nafanya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu yuko ghalani mchana. Narudi asubuhi, naoga kwanza kwa hofu ya kuleta kirusi, nafunga nywele, namkalisha wa mwisho mbele ya skrini. Huyo ndo kwanza alikuwa anaanza darasa la kwanza, hajui kusoma, sasa mtoto asiyejua kusoma anatakiwa abonyeze kiunga, aandike nywila, awashe kamera, azime maiki, awashe maiki, ahamie chumba kingine cha mwalimu wa kusoma saa nne na dakika kumi, arudi. Nani anamfanyia? Mama ambaye hajalala. Nilikuwa nasinzia pembeni yake kichwa kinadondoka, nasikia mwalimu anamwita, yeye yuko chini ya meza anacheza na paka wa jirani. Mkubwa yeye alishajua kuweka picha yake ikakaa kwenye skrini kama yupo, kumbe yuko kwenye gemu.

Laptopu ya bure ni kweli walitoa, na kifaa cha intaneti kwa wasio nayo. Chakula nacho walitoa, nisikufuru, tulikuwa tunakwenda kwenye maegesho ya shule tunapewa mifuko ya watoto bila kuulizwa chochote, na baadaye ikaja kadi ya serikali yenye hela ya chakula badala ya ile milo ya shuleni waliyoikosa. Nani kwetu alipewa hivyo? Hapo nawapa haki yao. Ila laptopu haimkalishi mtoto wa miaka sita kitini, na kama nyumba ina watoto wanne na ukumbi mmoja, kama kwa yule jirani yangu Mkongomani, basi ukipita mlangoni unasikia walimu wanne wanaongea kwa mpigo.

Kitu kilichoniuma kuliko vyote hiki hapa. Majengo ya shule yalikuwa hatari kufundishia, sawa, nakubali. Lakini hayo hayo majengo, wilaya iliwapangisha watu wa kulea watoto kwa malipo, unampeleka mtoto na laptopu yake, anakaa kwenye darasa lile lile la shule yake, amevaa barakoa, anamwangalia mwalimu wake kwenye Zoom, mlezi anamsimamia. Bei zaidi ya dola elfu moja kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Yani kirusi kinaogopa hela? Nikamuuliza yule dada wa kwenye simu ya wilaya, akanijibu kwa adabu sana, wale si walimu bali ni kampuni binafsi. Nikamshukuru nikakata simu. Wenye uwezo zaidi hata hapo hawakwenda, walijichanga familia tatu nne wakaajiri mwalimu wao akawa anafundisha sebuleni kwa mtu.

Mtasema si mngeenda kwenye vikao mkasema? Vikao vilikuwepo, navyo mtandaoni. Unajiandikisha mapema, wakikuchagua unapewa dakika mbili, kwa Kiingereza cha haraka, jioni, saa ambazo mi najiandaa kwenda kazini. Waliosema walikuwa wale wale, wazungu wenye kujieleza, mwanasheria huyu, daktari yule, wengine wanadai fungueni kesho, wengine mkifungua mtatuua. Matangazo yalikuja kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kiamhari, Kiswahili hakimo. Mkongomani wangu alisoma ya Kifaransa akanitafsiria mi ninayejua Kiingereza, kwa sababu alisema ya Kifaransa ilikuwa fupi na inaeleweka, tukacheka sana siku hiyo. Na kura za bodi wanapiga raia tu, mi kwa green card yangu kodi nalipa ila kura sina. Wenye kura kwingine walizitumia: San Francisco bodi ilipitisha Januari 2021 kubadilisha majina ya shule 44, shule zenyewe zimefungwa! Februari 2022 wapiga kura wakawang'oa wajumbe watatu.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkadhani nilikuwa kwenye lile kundi la fungua fungua. Mi nilifunga miili ya wazee kazini, wifi, ile ya Aprili 2020 sitaki hata kuielezea. Walimu walipokataa kurudi kabla ya chanjo niliwaelewa, na wengine wao wana kisukari na presha kama sisi. Kwenye kikundi chetu cha kinamama wa Kitanzania tulibishana mpaka wengine wakanuniana, nusu hawakutaka kabisa kuwarudisha watoto hata pale milango ilipofunguliwa, na ukiangalia sababu zao zina mashiko: nyumba moja ina bibi, mume ana pumu, bima ya afya haieleweki. Weusi na wahamiaji nchi nzima walikuwa waoga kurudisha watoto kuliko wazungu, maana sisi ndo tulikuwa tunazika. Halafu unamsikia mtu kwenye kikao anasema shule zifunguliwe kwa ajili ya watoto wa maskini, na maskini mwenyewe hajaulizwa.

Januari 2021 walimu wa Maryland wakaingizwa kwenye foleni ya chanjo, na tarehe 21 mwezi huo gavana akasema anataka watoto waanze kurudi isizidi 1 Machi. Basi wakaanza kurudi kidogo kidogo. Wangu wakapangiwa siku mbili kwa wiki, kundi moja mwanzo wa wiki, kundi lingine mwisho, katikati siku ya kupuliza dawa. Niambieni, kuna kazi gani duniani ya siku mbili? Na yule mkubwa alipofika darasani akamkuta msimamizi tu, mwalimu wake bado yuko nyumbani kwake, kwa hiyo mtoto kaamka alfajiri, kapanda basi, kavaa barakoa, kakaa futi sita na mwenzake, kafungua laptopu akaingia Zoom. Mume wangu aliposikia aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mwezi Machi huo huo wataalamu wa serikali wakasema futi tatu zinatosha darasani wakivaa barakoa, viti vikaanza kupangwa upya, na kukaja fomu nyingine ya kuchagua.

Hela hazikukosekana, hilo mlijue. Bunge la Marekani lilimwaga kwa shule karibu dola bilioni 190 kwa awamu tatu, 2020 na 2021. Sisi tuliziona kwenye mashine za kusafisha hewa na tuisheni ya kiangazi ambayo basi halikuwepo kwa hiyo watoto wa wenye gari ndo walioenda. Matokeo ya mtihani wa taifa wa 2022 yalipotoka, hesabu zilikuwa zimeporomoka kuliko wakati wowote tangu waanze kupima hivyo, darasa la nane wameshuka alama 8, la nne alama 5. Huyu mtoto wangu wa mwisho, yule wa chini ya meza, mpaka leo namlipia tuisheni ya hesabu Jumamosi kwa kijana wa Kinigeria, na jedwali la kuzidisha nilimfundisha mwenyewe kwa kuimba kama tulivyoimba sisi Tanga, mwalimu wake akashangaa.

Kwa hiyo wifi, uje usije? Njoo kama mmeshaamua, shule sasa zinaendelea kawaida na walimu wengi ni watu wazuri, yule wa mtoto wangu wa mwisho alikuwa ananipigia hadi saa mbili usiku. Ila usije ukidhani ukishamwandikisha mtoto basi kuna mtu amekaa mahali anamfikiria. Kabla hamjachukua nyumba uliza iko wilaya gani ya shule, maana anwani ndo inaamua. Imeili zao zisome zote hata zile ndefu, zenye tarehe ya mwisho jibu siku hiyo hiyo. Tafuta mama mmoja jirani ambaye shifti yake haifanani na yako. Na kadi za kliniki za watoto, zile za chanjo, zije kwenye mkoba wa mkononi, usiziweke kwenye begi kubwa, bila hizo hawamwandikishi na kaka namjua atazisahau.