Kumkumbuka kijana wenu

Pole sana, dada. Unauliza mmkumbukeje mwanao wa miaka 15 aliyefariki kwa saratani ya ubongo, na upande wa mumeo wanataka karamu kubwa. Mimi ningefanya ndogo. Fedha zinazobaki wapelekeeni watoto wanaotibiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, jijini Kampala. Wengine hutoka mbali kama Arua, na nauli ya kurudi kliniki huwashinda wazazi. Au Hospice Africa Uganda, ambayo tangu 1993 inawatuliza wagonjwa maumivu kwa mofini ya kunywa. Ulizeni kwanza wanahitaji nini. Lile daftari lake la michoro msilifungie sandukuni, tafadhali. Mdogo wake alifungue anapotaka, hata akilia. Mchango mnaweza kuupeleka Septemba, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya watoto.