Mwalimu Mpya Akiripoti, Fedha ya Shule Ianzie Wapi?

Nikikutana na walimu wakuu walioteuliwa karibuni, swali huwa lilelile: nitapataje walimu, na wakija nifanyeje wasihame? Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kukata tamaa, kwa kuwa hawana mamlaka ya kuajiri wala ya kuongeza mshahara wa mtu. Mimi nimeongoza shule za msingi za vijijini mkoani Rukwa hadi nilipostaafu. Jibu langu ni kwamba hicho kidogo ulicho nacho kitumie katika miezi ya mwanzo ya mwalimu mpya, kabla hajaanza kuulizia nani yuko tayari kubadilishana naye kituo. Akishaanza kuulizia, umechelewa.

Tuanze na hesabu, maana wapo wanaoendesha shule bila kuipiga. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 huja moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, utaratibu uliokuja pamoja na elimumsingi bila malipo mwaka 2016. Shule ya wanafunzi 600 inapata 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, mitihani, michezo, ukarabati na karatasi za ofisi. Kwa kiwango cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, shule hiyo inastahili walimu 13 au 14. Shule nyingi za porini nilizozijua hazikufika hata 10. Akihama mmoja tu, kuna darasa linabaki na kiranja.

Wala usidhani walimu hawapo. Mwanzoni mwa 2025 waombaji zaidi ya 200,000 walikuwa wakigombea nafasi za ualimu zisizofika 15,000. Vijana wenye vyeti wamejaa vijiweni. Kinachokosekana ni kibali cha ajira, na wakishaajiriwa, mgawanyo wao. Kwenye kibali huna sauti. Kwenye mgawanyo unayo kidogo, nayo imo kwenye taarifa ya ikama, yaani ya walimu wanaohitajika na waliopo.

Taarifa hii nimeona ikijazwa kwa kunakili ya mwaka uliopita. Mwalimu aliyekwenda masomoni bado anahesabiwa, na aliyelazwa miezi sita anaandikwa kana kwamba yuko ubaoni. Halmashauri ikipokea walimu wapya, afisa anayewapanga hana muda wa kukupigia simu, anasoma kilichoandikwa. Andika upungufu wako somo kwa somo. Andika pia, hata kama fomu haina nafasi hiyo, kwamba kuna vyumba viwili vya kulala vyenye milango na choo. Mwaka mmoja nilipata walimu wawili wakati majirani zangu wote walikosa. Baadaye afisa mmoja akaniambia kwa nini: hakutaka kumpeleka binti aliyetoka chuoni juzi mahali asipojua atalala wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri langu, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Mwalimu wa ajira mpya anakuja na begi, godoro la kukunja na nauli iliyoisha njiani. Fedha yake ya kujikimu inaweza kuchelewa. Mshahara hauingii mpaka taarifa zake ziwe zimeingizwa kwenye mfumo na apate cheki namba, yaani namba yake ya malipo. Wiki hizo zote anaishi kwa kukopa, tena kwa watu asiowajua, na akiwa peke yake jioni anahesabu kilomita mpaka barabara ya lami. Uamuzi wa kuhama hufanyika hapo, ingawa barua itaandikwa baada ya miaka mitatu na sababu itakayoandikwa ni "kumfuata mwenzi".

Sasa, nyumba ya mwalimu iliyo ndani ya eneo la shule ni jengo la shule. Kitasa, wavu wa dirisha, bati linalovuja na mlango wa choo vinaingia kwenye ukarabati, mradi kamati ya shule imepitisha, muhtasari umeandikwa na matumizi yameingizwa kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule. Fanya hayo kabla mwalimu hajafika. Kama nguzo za REA, wakala wa nishati vijijini, zimepita jirani, gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ni 27,000, ukiacha kazi ya kutandaza nyaya. Mwalimu kijana anayeweza kuchaji simu kitandani kwake na yule anayepeleka simu dukani si watu wa moyo mmoja, usinicheke.

Kama nyumba hakuna, usikimbilie ruzuku kulipa kodi ya chumba. Mkaguzi hatakuonea huruma, na atakuwa na haki. Fedha ya kitu kama hicho ni ya mradi wa shule. Elimu ya kujitegemea tuliisoma sote tangu enzi za Mwalimu Nyerere, lakini shule nyingi zimeliacha shamba likawa la kutolea adhabu. Ekari mbili za alizeti zikilimwa kwa utaratibu, mavuno yakauzwa mbele ya kamati, zinalipa chumba cha mgeni kwa miezi mitatu na chai ya walimu inabaki. Mapema, omba serikali ya kijiji ikutafutie mwenye nyumba mwaminifu. Na siku mwalimu anaporipoti, mpeleke wewe mwenyewe kwa mwenye duka na kwa mama anayeuza chakula, useme mbele yake: huyu akikosa, njoo kwangu. Hilo halina gharama, na hakuna semina ya utawala niliyohudhuria iliyolitaja.

Fedha mkononi usimpe. Si kwa ubaya. Walimu wa zamani watauliza wao walipewa nini, na watakuwa sahihi kuuliza.

Hao wa zamani nao wasisahaulike. Nyongeza ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Julai 2025, kutoka 370,000 hadi 500,000, ilipokelewa vizuri, lakini haimlipi zaidi aliye mbali kuliko aliye mjini. Wenzetu Kenya wana posho ya mazingira magumu kwa walimu wa maeneo yaliyotajwa rasmi, na naamini sisi pia tungeihitaji kuliko semina nyingi tunazogharimia. Mpaka siku hiyo, punguza hasara za kuishi mbali. Wakati wangu, mwisho wa mwezi shule ilikuwa tupu, kila mmoja yuko mjini benki. Tulimshawishi kijana wa duka awe wakala wa benki na wa simu, na walimu wakakubaliana kutoa fedha zao kwake ili awe na mzunguko. Nauli ya mjini ikabaki mfukoni mwao, na siku mbili za vipindi zikarudi.

Kuhusu walimu wa kujitolea, nitasema kwa tahadhari. Wanasaidia, na wakati mwingine ndio wanaobeba madarasa ya chini. Lakini usimwite kijana kabla hujajua posho yake itatoka wapi. Wazazi wakubaliane kwenye mkutano wao, kwa hiari, na mwalimu asishike fedha ya mchango. Tangu katazo la michango shuleni la Januari 2018 jambo hili limewaponza wengi. Mwandikie kijana barua inayosema anafundisha nini, tangu lini mpaka lini, na akiondoka mpe nyingine inayoeleza alichofanya. Mpe vipindi vya somo alilosomea. Nimeona shule inampa wa kujitolea vipindi 30 huku mwajiriwa akiwa na 12, kisha wanashangaa kijana hakurudi baada ya likizo.

Kumwendeleza mwalimu ndiko kunakotafsiriwa vibaya zaidi. Ukisema mafunzo, watu husikia ukumbi wa mjini, bahasha na posho ya safari. Nimekwenda kwenye mafunzo ya aina hiyo na nimerudi na daftari zuri. Lakini mtaala ulioanza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu haumsubiri mtu aitwe ukumbini. Mwalimu aliyezoea kufundisha kwa Kiswahili miaka yote sasa anaanza Kiingereza na watoto wa darasa la kwanza, na anayemfahamu zaidi ni yule wa chumba cha jirani. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imejengwa juu ya wazo hilo: walimu wanakutana shuleni kwao, kwenye jumuiya za ujifunzaji, wanachukua mada ngumu, wanaijadili, mmoja anaifundisha, wengine wanatazama. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli mtandaoni.

Gharama yake ni saa moja kwenye ratiba, chai na bando. Basi linda hiyo saa. Iweke siku ambayo si ya mnada na si Ijumaa mchana. Bando linunuliwe kwa mtu mmoja, apakue kila kitu, wengine warushiwe. Mwalimu anayeanza asipewe kuongoza mada mwezi wa kwanza. Apewe mwenyeji wake, mtu wa somo lake, na huyo mwenyeji upunguze vipindi vyake viwili ili aingie darasani kwa mgeni. Vipindi viwili vinauma katika shule yenye walimu wanane. Toa hata hivyo. Mwalimu mpya anayeshindwa kudhibiti darasa la watoto 90 na hana wa kumwambia ataondoka hata kama umempa nyumba ya ghorofa.

Kuna jambo la mbele ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, hivyo waliokuwa darasa la tatu 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Januari 2028 sekondari zitapokea mikupuo miwili kwa pamoja. Shule za msingi, kwa upande wao, zitapoteza madarasa mawili kwa mara moja, na kwa kuwa ruzuku huhesabiwa kwa kichwa, akaunti itapungua vivyo hivyo. Ukiwa mwalimu mkuu leo, kazi kubwa za ukarabati wa nyumba za walimu zimalize kabla ya hapo. Ukiwa mkuu wa sekondari, ikama yako ya 2028 anza kuipigia kelele sasa hivi.

Na wapo watakaoondoka tu. Mtu ana ndoa Mwanza, ana mzazi mgonjwa Newala. Usikalie barua yake. Nimewafahamu viongozi wanaoificha kwenye droo wakidhani wanailinda shule, kumbe wanabaki na mwalimu aliyekwisha kuondoka moyoni, anayeingia darasani akiwa na simu mkononi. Mwambie akutafutie wa kubadilishana naye, ikiwezekana wa somo hilohilo, halafu wewe mpigie huyo anayekuja umweleze chumba kikoje, maji yanatoka wapi na basi linapita saa ngapi. Mambo mabaya mwambie pia, maana atayakuta. Akikubali baada ya kuyasikia, mlango wa chumba kile utazame tena kabla hajafika.